Mtaje wa Kumtoa

Pale kijiweni kwetu, nyuma ya gereji, kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote lakini inaheshimiwa kuliko sheria za barabarani. Ukitaka kulalamika kwamba mchezaji fulani wa NBA ameachwa kwenye Mechi ya Nyota, ruksa, lalamika mpaka povu likutoke. Lakini kabla hujamaliza utaulizwa: mtaje wa kumtoa. Viti ni kumi na viwili kwa Mashariki na kumi na viwili kwa Magharibi, basi. Ukimwingiza wako, lazima mwingine ainuke aende zake. Ni nani huyo? Hapo wengi hunywea. Utamwona jamaa aliyekuwa anapiga kelele kama kondakta wa daladala anaanza kuulizia kiberiti.

Sheria hiyo ilitungwa na kaka yangu. Habari zake nitazieleza mbele ya safari, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika hapa. Kwanza, msomaji, niruhusu niyapange mambo yenyewe, kwa sababu najua wapo miongoni mwenu ambao kwao mpira ni wa miguu tu, na kikapu ni cha kubebea nyanya.

Mechi ya Nyota ilianza mwaka 1951 mjini Boston. Ligi ya leo ina timu 30, kila timu ina wachezaji wapatao kumi na tano. Katika umati wote huo wanaitwa 24. Milango ya kuingilia ni mitatu. Mlango wa kwanza ni wa mashabiki, ambao tangu mwaka 1975 wamekuwa wakipiga kura kuwapata watano wa kuanza kwa kila upande. Wa pili ni wa makocha. Hao ndio hujaza viti saba vinavyobaki, na kocha haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wa timu yake mwenyewe. Wa tatu ni mlango wa uani: mteule akiumia, kamishna wa ligi anamwita mwingine kuziba pengo.

Sisi wa Dar tuliingia katika mambo haya kwa sababu ya Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 kijana huyu aliyezaliwa hapa hapa jijini alichaguliwa wa pili katika ligi nzima, akaenda Memphis Grizzlies. Wa pili! James Harden alichaguliwa wa tatu mwaka ule, na Stephen Curry wa saba. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, braza alikuwa kidato cha nne, na nakumbuka kwamba ghafla mtaa mzima ulijua Memphis iko wapi, hata wale wasiojua Mpwapwa iko wapi. Mechi zao zilichezwa saa kumi alfajiri ya kwetu. Braza alikuwa anaamka, anakwenda kwa jirani mwenye dishi, anarudi wakati mama anawasha jiko la mkaa. Alikwenda kumtazama Thabeet. Thabeet mara nyingi alikuwa benchi. Kwa hiyo, kwa kukosa la kutazama, macho yake yakamwangukia mtu mwingine.

Mtu huyo ni Mike Conley, mpandisha mpira. Kimo chake si cha ajabu, sauti haisikiki, uso wake ni wa karani wa posta. Baba yake alitwaa medali ya dhahabu ya miruko mitatu kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, lakini mwana ukimwona huwezi kudhani kwamba kuna mtu wa kuruka katika ukoo ule. Hupaa. Hatishi mtu. Anatumia mkono wa kushoto lakini akifika karibu na goli anamalizia na wa kulia, na mlinzi anabaki anajiuliza amepitwa upande gani. Braza alikuwa akirudi alfajiri ananiamsha na kunionyesha kwa kutumia soksi zilizoviringishwa: tazama, hapa amemvuta huyu, hapa amemgeuza yule, hapa ametoa pasi. Nikamwuliza, "Halafu akafunga nani?" Akanikata jicho. "Hilo ndilo swali lako?"

Sasa sikiliza. Conley aliingia ligi mwaka 2007. Mwaka 2013 Memphis ilifika fainali ya Magharibi, na yeye akatajwa katika kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Kwenye Mechi ya Nyota, hola. Mwaka 2015 alivunjwa mifupa ya uso kwa kiwiko, akafanyiwa upasuaji, siku chache baadaye akarudi amevaa barakoa dhidi ya Golden State, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa mwaka ule; akafunga pointi 22 na Memphis ikashinda 97 kwa 90. Mwaka uliofuata, hola. Julai 2016 akasaini mkataba wa dola milioni 153 kwa miaka mitano, mkubwa kuliko wowote uliowahi kuandikwa katika ligi hiyo mpaka wakati huo. Yaani tajiri wake anamwona kiasi hicho. Lakini Februari ikifika, jina halipo.

Mtaje wa kumtoa, basi. Tuchukue mwaka 2013. Magharibi waliitwa walinzi watano: Kobe Bryant, Chris Paul, Russell Westbrook, James Harden na Tony Parker. Haya, mtoe mmoja. Curry mwenyewe aliachwa mwaka ule, na siku kumi baada ya mechi akaenda New York akafunga pointi 54, kama mtu anayejibu barua. Nimejaribu mara nyingi kumwingiza Conley kwenye orodha ile na kila mara nashindwa. Nikilisema hili wapo wanaoniita msaliti. Lakini ndivyo ilivyo: wakati mwingine mtu anaachwa bila mtu yeyote kumkosea. Alizaliwa upande wa Magharibi katika zama ambazo ukitupa jiwe linampata mpandisha mpira hodari.

Wakati mwingine, lakini, kuna mtu wa kutoa, tena unamwona kwa macho mawili. Rod Strickland wa Washington, msimu wa 1997/98, aliongoza ligi nzima kwa pasi za mwisho, wastani wa 10.5 kwa mechi. Mwisho wa msimu akawekwa katika kikosi cha pili bora cha ligi, maana yake alihesabiwa miongoni mwa kumi wa juu. Februari ile hakuwa hata miongoni mwa 24, na katika maisha yake yote ya mpira hakuitwa hata siku moja. Aliyeanza upande wa Mashariki kwa kura za mashabiki alikuwa Penny Hardaway, ambaye kwa ajili ya goti alicheza mechi 19 tu msimu mzima. Upande wa pili mashabiki walimpa nafasi ya kuanza Kobe Bryant, mtoto wa miaka 19, ambaye kwenye timu yake mwenyewe ya Lakers alikuwa anaanzia benchi! Najua Kobe alikuja kuwa Kobe. Mwaka ule alikuwa bado hajawa. Mashabiki walikuwa wameshaiona filamu kabla haijapigwa, wakamlipia kiingilio.

Na siwalaumu sana. Sisi sote tumekulia kwenye mabanda ya video. Tunajua stelingi hafi, na tunajua stelingi ni yule anayepiga risasi ya mwisho. Hakuna aliyewahi kutoka bandani anamsifia yule aliyelaza gari barabarani ili stelingi apite. Kura ni jambo la mapenzi, na mapenzi hayana risiti. Mwaka 2016 Zaza Pachulia, mtu wa kazi ngumu na pointi chache, alikosa nafasi ya kuanza kwa takriban kura 14,000 tu, kwa sababu watu wa kwao Georgia, ile nchi ya Ulaya na siyo jimbo la Marekani, walimpigia kura kwa nguvu zote. Ligi ikashtuka. Kuanzia mwaka 2017 kura za mashabiki zikawa nusu ya uzito, robo wakapewa wachezaji na robo waandishi wa habari. Kijiweni kwetu tulicheka sana, maana sisi tuliokuwa tunakerwa na mashabiki tukajikuta tunamtetea Pachulia. Kama Georgia wanampenda mtu wao, kosa liko wapi? Sisi tungekuwa na kura za kutosha tusingempigia Thabeet?

Wanaoniuma zaidi ni wa mlango wa pili, wa makocha, kwa sababu makocha wanajua. Kocha hawezi kusema hakuiona ile pasi. Lakini na yeye ana viti saba tu, na anaanza kugawa kwa timu zinazoshinda, tena anaona haya kuipa timu moja viti vitatu au vinne. Ndipo wanapopotea watu kama Cedric Maxwell wa Boston. Mwaka 1981 Boston ilikuwa na nyota watatu kwenye mechi ile: Larry Bird, Robert Parish na Tiny Archibald. Maxwell alibaki nyumbani. Miezi michache baadaye Boston wakatwaa ubingwa, na aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali alikuwa nani? Maxwell. Jezi yake namba 31 imetundikwa darini kule Boston, haivaliwi na mtu tena. Mechi ya Nyota hakuwahi kuigusa mpaka anastaafu.

Na hapa Thabeet anarudi tena, maana mwaka 2012 alijiunga na Oklahoma City, na braza akahamisha mapenzi. Kule akamkuta Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville. Ibaka aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo misimu miwili mfululizo, akawa katika kikosi cha kwanza cha ulinzi miaka mitatu, 2012, 2013 na 2014. Lakini timu ilikuwa na Kevin Durant na Russell Westbrook, na nani atatazama anayefunga mlango wakati mbele kuna ngoma? Braza alisema hivi: huyu Thabeet, akienda popote, anatuonyesha mtu ambaye hataitwa. Ni kama alikuwa na kazi ya siri.

Nimeahidi kueleza habari za kaka yangu.

Alikuwa mpandisha mpira wa shule yao, na kwa jinsi walivyosema waliomwona, siyo mimi, alikuwa hatari. Alipokuwa kidato cha nne ulikuja uteuzi wa kombaini. Wateuzi watatu, siku moja, mechi mbili, daftari moja. Kwenye daftari lile iliandikwa kitu kimoja tu: nani kafunga ngapi. Rafiki yake kipenzi, jirani yetu nyumba ya tatu, alifunga ishirini na kitu. Braza alifunga nne. Majina yakabandikwa ukutani kesho yake. Rafiki yumo, braza hayumo.

Jioni rafiki alikuja nyumbani na soda mbili, amekaa kwenye kiti kama mtu aliyekuja msibani. Mama, ambaye hajui kikapu, akauliza swali ambalo mtu anayejua asingeuliza: "Sasa wewe wamekuacha kwa nini, na mwenzio wamemchukua?" Rafiki akatazama chini. Braza akasema, "Mama, viti vilijaa." Basi.

Miaka ilipita ndipo akaniambia, tukiwa wawili chini ya gari analolifunga breki, kwamba usiku ule alilala anapanga orodha yake kichwani, amtoe nani ili yeye aingie. Wale warefu hawatoki, timu inawahitaji. Mwenye nafasi yake alikuwa mzuri. Akabaki mmoja, na huyo mmoja alikuwa yule yule wa soda. "Zile pointi zake nilikuwa namlisha mwenyewe," akasema. "Kikapu baada ya kikapu. Kama ningejua kuna daftari ningemnyima." Akanyamaza, akaomba spana. "Muongo mimi. Nisingemnyima."

Ndiyo asili ya sheria yetu. Watu pale kijiweni wanadhani ni utani wa kuwanyamazisha walalamishi.

Kuna jambo lingine ambalo watu husahau: uteuzi wenyewe hufanyika msimu ukiwa katikati tu. Mwaka 2016 DeAndre Jordan wa Clippers hakuitwa kwenye 24. Msimu ulipokwisha akatajwa katika kikosi cha kwanza cha ligi, watano bora wa mwaka mzima! Na mwaka 2019 Rudy Gobert, mlinzi bora wa ligi mwaka uliotangulia na mwaka ule ule pia, aliachwa, akasimama mbele ya waandishi akaanza kumtaja mama yake, sauti ikakatika, akalia. Mtu mrefu wa mita mbili na zaidi, analia. Wengine walimcheka kwenye mitandao. Pale kijiweni hakucheka mtu. Aliitwa mwaka uliofuata, lakini mimi nikimkumbuka Gobert namkumbuka siku ile ya kulia kuliko siku aliyoitwa.

Sasa utaniuliza, ewe mwandishi mwenzangu chipukizi, haya yote yanahusu nini gazeti letu la hadithi. Nakujibu. Hadithi zangu mbili niliwahi kuzipeleka kwenye shindano. Hazikufika hata orodha ya kwanza. Nilinuna wiki nzima, nikapanga kuandika barua ndefu. Braza akanisikiliza mpaka mwisho, halafu kama kawaida yake: mtaje wa kumtoa. Ikanibidi nizitafute zile tatu zilizoshinda nizisome. Moja ilinizidi, wazi, mchana kweupe. Ilikuwa na bibi mmoja anayehesabu mbegu za maboga ambaye sijamsahau mpaka leo. Nyingine mbili ningezitoa, na nasema hivyo bila kuona haya. Lakini baada ya kuzisoma barua haikuandikika. Ilikuwa na nguvu pale tu nilipokuwa sijui waliokaa vitini ni akina nani.

Riwaya yangu ninayoiandika, kaunta buku la tatu sasa, ina kijana anayecheza kikapu. Tabu yangu ni hii: namna gani unamwandika mtoa pasi? Mfungaji anajiandika mwenyewe: anaruka, wavu unalia, watu wanasimama, sentensi imekwisha. Mtoa pasi kazi yake imemalizika kabla ya watu kusimama. Tena kuna pasi iliyotangulia ile pasi, na hiyo ndiyo aliyokuwa bingwa wake Conley, na kwa miaka mingi haikuandikwa kwenye daftari lolote duniani. Tangu msimu wa 2013/14 ligi imefunga kamera katika kila uwanja, sasa wanaihesabu. Wanahesabu mpaka mipira iliyoguswa kwa ncha ya kidole. Vizuri. Ila kuhesabiwa hakujawa kutazamwa, na wakati nikiandika nataka msomaji atazame.

Conley aliitwa mwaka 2021, msimu wake wa 14, akiwa tayari amehamia Utah Jazz. Jinsi alivyoingia ni kichekesho. Anthony Davis aliumia, akaitwa Devin Booker kuziba. Booker naye goti likamsumbua, ndipo kamishna akamwita Conley. Sabu wa sabu. Sheria yetu ya kijiweni haikuvunjwa: wa kumtoa alitajwa na goti. Siku ile ile, Machi 7, pale Atlanta, watu wachache uwanjani kwa sababu ya korona, akawekwa pia kwenye shindano la mitupo ya pointi tatu. Akafika fainali na Stephen Curry. Conley akapata 27. Curry alibakiwa na mpira mmoja mkononi, akautia. 28.

Braza alikuwa ametazama kwenye simu. Akacheka mpaka akakohoa. Siyo kicheko cha uchungu. Alifurahi kweli kweli, akawa anawaonyesha mafundi wenzake mmoja mmoja na mikono yake ya grisi. Halafu jioni, tunarudi kwa miguu, akaniuliza: "Na kama lile goti lingekuwa zima? Kama angestaafu 2020, bila kuitwa? Ungemwandikaje?"

Nikasema ningemwandika vile vile.

"Maneno rahisi hayo," akasema. "Ibaka hakupata goti la mtu. Mwandike huyo."

Sura ya tatu nimeianza upya.